Pauline Opango, mjane aliyenyimwa maiti

Picha ya Pauline Opango inayojulikana kuliko zote ilipigwa Februari 1961 mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Anatembea barabarani kifua wazi, kitambaa kimefungwa kiunoni, uso umeinama, na watu wa msiba wako naye. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliichapa. Sisi nasi, kila ifikapo Januari 17, siku aliyouawa mumewe Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, tunaitoa tena, tunaandika chini yake "mke wa Lumumba", kisha tunarudi kwa Lumumba.

Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba hapo ndipo tunapomwachia. Katika picha ile ana miaka 24. Ataishi karibu miaka 54 mingine. Atalea watoto ugenini, atazeeka, atashuhudia watu waliohusika na kifo cha mumewe wakipata vyeo, wakistaafu, wakiandika kumbukumbu zao. Atafariki bila kuwa amezika. Maisha yake marefu ndiyo yaliyokuja baada ya picha, nasi tumemgandisha kwenye siku moja.

Alizaliwa 1937 huko Wembo-Nyama, nchi ya Watetela, sehemu ya Sankuru katika Kasai. Wamethodisti kutoka Marekani walikuwa na misheni yao pale. Machi 1951 aliozwa kwa Patrice Lumumba, Mtetela mwenzake kutoka Onalua, karani wa posta huko Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani na ambao Kiswahili kilikuwa kikisikika sokoni kama kinavyosikika hadi leo. Bwana harusi alikuwa na miaka 25. Bibi harusi alikuwa na miaka 14. Lumumba alikuwa ameshaoa na kuachana kabla yake, na mtoto wake François alizaliwa na mwanamke mwingine. Nayaandika haya kwa sababu nampenda Lumumba na sioni faida ya kumsafisha kwa kumfuta mkewe. Msichana aliyetolewa kijijini akapelekwa mjini kwa mume aliyekwisha kusoma, anayeandika magazetini, anayehudhuria mikutano ya vyama, alikuwa na mlima wake wa kupanda ambao hakuna aliyemwandikia habari zake.

Utawala wa Wabelgiji ulikuwa na mtihani kwa Waafrika waliosoma, wale walioitwa évolué. Aliyetaka kadi ya kumtambua kuwa amestaarabika, iliyomsogeza kidogo karibu na haki za Mzungu, alikaguliwa yeye na nyumba yake. Wakaguzi walifika nyumbani. Walitazama meza na vyombo, vitanda, jiko, usafi wa watoto, namna mke anavyokaribisha mgeni. Lumumba aliipata kadi hiyo 1954. Vitabu husema "Lumumba alipata", kwa umoja. Mimi nikisoma habari za kadi zile huwaza mashuka: nani aliyafua, nani aliyanyoosha, nani aliyesimama pembeni kimya huku mgeni Mzungu akifunua sufuria. Lumumba mwenyewe aliandika kutetea elimu ya wasichana, na alitaka mkewe ajue Kifaransa. Lakini siasa ilikuwa inamchukua kwa kasi, na nyumba ilibaki kwa Pauline.

Julai 1956 polisi walimkamata Lumumba kwa kesi ya fedha za posta, akafungwa. Pauline alikuwa na Patrice mdogo na Juliana, aliyezaliwa 1955. Mume alipotoka 1957 walihamia Léopoldville, akauza bia ya Polar, na Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waasisi wa MNC, chama kilichopigania uhuru wa Kongo. Mwishoni mwa 1959 akafungwa tena, safari hii kwa siasa, na Januari 1960 akatolewa gerezani kwenda moja kwa moja Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Roland alikuwa amekwisha kuzaliwa. Kulikuwa pia na Alphonsine Masuba, katibu wake, aliyemzalia Guy, mtoto aliyekuja duniani baada ya baba kuuawa. Kwa hiyo alipokuwa mke wa Waziri Mkuu, Juni 30, 1960, Pauline alikuwa ameshafanya kazi ya kumngoja mume gerezani mara mbili, na kazi ya kugawana mume na wengine.

Ukubwa wenyewe haukudumu hata msimu mmoja wa mvua. Septemba 5 Rais Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba kazi. Septemba 14 Mobutu akachukua madaraka. Kuanzia Oktoba nyumba yao ilizungukwa mara mbili: walinzi wa Umoja wa Mataifa karibu, wakimzuia asikamatwe, na nyuma yao askari wa Mobutu, wakingoja atoke. Watoto wakubwa, François, Patrice na Juliana, walitoroshwa hadi Cairo kwa msaada wa mwanadiplomasia wa Misri, Abdel Aziz Ishak, na Rais Nasser akawapokea. Fikiri ni uamuzi gani huo kwa mama. Unawaaga watoto usiku, hujui utawaona lini, na huwezi hata kuwasindikiza mpaka getini kwa sababu getini kuna bunduki.

Halafu mtoto akafa. Marie-Christine, kichanga, alizaliwa kabla ya wakati na akafia Uswisi Novemba hiyo hiyo ya 1960. Lumumba aliomba Umoja wa Mataifa umsaidie kusafiri kwenda Stanleyville kumzika binti yake. Ndege hakupewa. Usiku wa Novemba 27, mvua kubwa ikinyesha, alitoka nje ya nyumba amejificha ndani ya gari, na katika ujumbe aliouacha alieleza kwamba anakwenda kwenye msiba wa mwanawe. Katika simulizi za siasa kutoroka kule huelezwa kama hesabu ya kijeshi: Gizenga, aliyekuwa naibu wake, yuko Stanleyville, wafuasi wako Stanleyville, kwa hiyo Lumumba anakimbilia Stanleyville. Yote hayo ni kweli. Ila safari ilikuwa pia ya baba na mama waliofiwa, na mama alikuwamo safarini na Roland, mtoto wa miaka miwili, mapajani.

Njia ilikuwa ndefu na Lumumba aliifanya ndefu zaidi. Kila kijiji walichopita watu walimtambua, wakamzuia, wakataka awaambie neno, naye hakuweza kuwapita. Mobutu akaanza kumtafuta kwa ndege. Waliufikia mto Sankuru mahali paitwapo Lodi. Ng'ambo ya mto ulikuwa upande wa watu wake. Pantoni ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo Lumumba na wachache wakatangulia kwa mtumbwi wakaifuate, na Pauline na Roland wakabaki ukingoni pamoja na wengine. Askari wakafika. Wakawakamata waliobaki.

Lumumba alikuwa ameshavuka. Wenzake walimsihi asirudi. Alirudi.

Nimesoma watu wakibishana kuhusu uamuzi ule. Wako wanaouita kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, wanaosema taifa lilipaswa kuja mbele ya familia. Sikubaliani nao, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyepitia vijiji vyote vile akishindwa kuwapa watu kisogo, angewezaje kumpa kisogo mkewe na mtoto wa miaka miwili wakiwa mikononi mwa askari? Lakini kinachonichoma zaidi ni upande wa Pauline, ambao hauulizwi kwenye mabishano hayo. Aliishi nusu karne na zaidi akijua kwamba mumewe alikuwa salama ng'ambo ya maji, na alirudi kwa sababu yake. Hakuna mahakama wala tume iliyowahi kumtua mzigo huo.

Desemba 2 Lumumba alifikishwa Léopoldville amefungwa kamba, akapigwa mbele ya wapigapicha. Kisha akapelekwa kambi ya Thysville. Kutoka huko alimwandikia Pauline barua, na barua ile ndiyo iliyolifanya jina la mke lisifutike kabisa. Anaanza kwa kumwita mwenzi wake mpendwa, na kumwambia kwamba hajui kama maneno hayo yatamfikia, wala kama yeye mwenyewe atakuwa hai yakisomwa. Anamwambia historia itasema neno lake siku moja, tena historia itakayoandikwa na Afrika yenyewe. Anamwambia asimlilie.

Barua ile husomwa majukwaani kama wosia kwa Kongo na kwa Afrika nzima, na ni haki, kwa kuwa mwandishi alijua watu wengi wataisoma. Hata hivyo ilielekezwa kwa mtu mmoja mwenye jina. Na jambo alilomwomba, kwamba asilie, ndilo pekee ambalo Pauline hakulitii, na namshukuru Mungu kwamba hakulitii.

Januari 17, 1961 Lumumba, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti, walisafirishwa kwa ndege hadi Élisabethville (leo Lubumbashi), mji mkuu wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo chini ya Tshombe, huku wakipigwa njia nzima. Usiku uleule wakapigwa risasi porini karibu na Shilatembo, Tshombe na mawaziri wake wakiwapo, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Siku chache baadaye maiti zilifukuliwa. Kamishna wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, na msaidizi wake walizikatakata na kuziyeyusha kwa asidi. Katanga haikutangaza vifo mpaka Februari 13. Siku 27 Pauline alikuwa mjane na hakujua. Alikuwa akiamka asubuhi, akimlisha Roland, akiulizia habari za Thysville.

Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, ndiye aliyetangaza. Alisema wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji, na kwamba mahali pa kaburi hapatasemwa. Yote mawili yalikuwa uongo, maana kaburi lenyewe halikuwapo tena. Pauline hakuwa na namna ya kujua hilo. Alichojua ni kwamba kuna mwili wa mumewe mahali fulani, na kwamba mwili huombwa. Ndipo akatoka.

Turudi basi kwenye ile picha, kwa sababu wengi hawaelezwi alikuwa akienda wapi. Alikuwa akienda kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kwa mwakilishi wake Rajeshwar Dayal, kuomba asaidiwe apate maiti azike. Kifua wazi kilikuwa vazi la msiba. Mwanamke aliyefiwa anayatupa mapambo, anajionyesha jinsi kifo kilivyomwacha. Magazeti ya Ulaya yalikiona kitu kingine kabisa, na namna yalivyomchapa ilitosha kuwaambia wasomaji wao wacheke au washangae. Miezi michache nyuma alikuwa mke wa Waziri Mkuu, aliyefunzwa mezani kwa uma na kisu. Alipofika kwenye jambo kubwa kuliko yote maishani mwake hakuchagua gauni jeusi la Brussels. Alichagua desturi inayoeleweka na mama zake. Na alipofika mlangoni kwa wakubwa wa dunia aliomba kitu ambacho hata adui humnyimi: mwili. Hawakuwa nao wa kumpa.

Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Shangazi yangu alifiwa na mume meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, Mei 21, 1996, na mwili haukuonekana. Watu walimwambia matanga yaishe kwa siku zilizozoeleka, wakaanua turubai, wakarudi mashambani. Yeye hakuzigawa nguo za marehemu. Zilibaki sandukuni miaka na miaka, zimekunjwa. Kuna mara nilimwuliza kwa adabu, "Shangazi, hizi hatuwezi kumpa mtu?" Akaniambia, "Mwanangu, nitampaje mtu nguo za mtu ambaye sikumwona akilala?" Hakuwa amechanganyikiwa. Aliamini mumewe amekufa, aliomba misa za marehemu. Lakini mikono yake haikupata kazi ya mwisho: kuosha, kuvisha, kutupa udongo. Tangu siku ile siwezi kusoma habari za Pauline Opango kama habari za siasa peke yake.

Mwaka 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki London, Mama Maria alikuwa naye hospitalini, akarudi na jeneza, na taifa zima likapanga foleni kabla ya maziko Butiama. Hatukulifikiria hilo kuwa bahati. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, mke kumzika mume.

Pauline alikwenda Misri kuungana na watoto. Cairo ikawa nyumba yao. Watoto walikua wakisoma huko, wakizungumza Kiarabu, wakiwa wana wa shujaa katika mji uliowapenda, na mama yao akiwa mgeni anayelea katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Juni 30, 1966 Mobutu, yuleyule aliyemkamata Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Kila ninapofika hapo hupumzika kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Jina la mume lilikuwa limerudi nyumbani, limebebwa na mkono uliomfunga kamba, na mjane alikuwa bado nje.

Kisha ukaja mwaka 1999. Soete, mzee sasa, alijitokeza mbele ya kamera za televisheni Ubelgiji akaeleza alivyoziyeyusha maiti, na ikajulikana kwamba aliweka meno kama kumbukumbu. Pauline alikuwa na miaka 62, hai, mwenye masikio. Miaka 38 alikuwa akingoja kuambiwa mwili uko wapi, na jibu likaja kwa njia hiyo. Soete alifariki mwaka uliofuata bila kushtakiwa. Bunge la Ubelgiji liliunda tume ya uchunguzi, na Februari 2002 waziri wa mambo ya nje Louis Michel akaomba radhi kwa familia na kwa watu wa Kongo, kwa kuwa tume ilikiri kwamba Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili. Radhi ilikuwa ya maana, siidharau. Ila wakati ule jino moja kati ya yale lilikuwa bado nyumbani kwa Soete, limehifadhiwa na familia yake.

François alifungua mashtaka Brussels 2011 kuhusu mauaji ya baba yake. Pauline hakuuona mwisho wake. Alikuwa amerudi Kinshasa, na huko alifariki usingizini, nyumbani, Desemba 23, 2014.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama vile yalikuwa yakimngoja aondoke. Mwaka 2016 binti wa Soete alilionyesha jino lile la dhahabu kwa gazeti, na dola ya Ubelgiji ikalichukua. Juni 30, 2020 Juliana alimwandikia Mfalme Philippe kuomba masalia ya baba yake yarudishwe, na Septemba mahakama ikaridhia. Juni 20, 2022, katika kasri la Egmont mjini Brussels, familia ilikabidhiwa kijisanduku kidogo cha buluu. Jino likawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu mzima, likafunikwa bendera, likapandishwa ndege. Lilipelekwa Onalua alikozaliwa, Kisangani alikofanyia kazi na kuoa, Shilatembo alikouawa, na Juni 30 likazikwa Kinshasa, Limete, chini ya mnara wa Échangeur. Watu waliimba na kulia njiani. Nilitazama matangazo yale karibu siku nzima, na kila kamera ilipoonyesha safu ya familia nilihisi pengo la kiti kimoja. Watoto walimzika baba. Aliyetembea kwenda kuiomba maiti, wakati kuomba kwenyewe kulikuwa hatari, alikuwa ameshazikwa miaka saba na nusu kabla.

Na wako wengine ambao hata hilo jino hawana. Mpolo na Okito waliuawa usiku uleule, mbele ya shimo lilelile, na walikuwa na familia. Kwao hakukurudi kitu. Tunapofundisha watoto habari ya Lumumba, wale wawili huishia kwenye "na wenzake", na wajane wao hawafiki hata hapo. Naandika majina yao kila ninapoweza: Maurice Mpolo, Joseph Okito.

Kwetu Dar es Salaam kuna Mtaa wa Lumumba, Zanzibar kuna shule ya Lumumba, na sijakutana na Mtanzania asiyejua kwamba jina hilo ni la mtu mkubwa. Ningependa walimu wa historia waongeze habari ya Lodi, mto na pantoni, na wamtaje aliyekuwa ukingoni. Wanafunzi wataielewa Kongo ya 1960 vizuri zaidi wakijua kwamba Waziri Mkuu alikamatwa akirudi kuwafuata mkewe na mtoto.

Kwa wasomaji wangu wa Kinshasa, Kisangani, Lodja na Cairo nina ombi. Wengi wenu mna wazee waliomjua Mama Pauline jirani, kanisani, sokoni, au waliosikia habari zake kutoka kwa mama zao wa Kitetela. Waulizeni alikuwa mtu wa namna gani: alipenda kupika nini, alicheka na nani, aliimba nini akifua. Warekodini kwa simu, kwa Kitetela, Kilingala, Kiswahili au Kiarabu, vyovyote watakavyopenda kusema, kisha niandikieni. Kuhusu kifo cha mumewe tunazo kurasa nyingi. Za miaka yake 54 nataka tuanze kuziandika sasa, wazee hao wakiwa bado wanaweza kutusahihisha.